Asiye na mume haasili: kisa cha hukumu ya Peru iliyokwama Luxemburg

Tarehe 6 Novemba 1996 mahakama ya familia ya mkoa wa Huamanga nchini Peru ilitoa amri ya kuasili kamili. Mtoto alikuwa msichana wa miaka mitatu aliyekwisha kutangazwa rasmi kuwa ametelekezwa. Aliyemwasili alikuwa mwanamke raia wa Luxemburg, hana mume. Sheria ya Peru haikuliona hilo kuwa tatizo, na amri ikatoka ikiwa halali kwa kila namna huko ilikotolewa. Uhusiano wa kisheria wa mtoto na ukoo wake wa kuzaliwa ukakatika, mama mpya akashika nafasi hiyo, wakaenda kuishi Luxemburg.

Miaka mitano baadaye, mahakama ya juu kabisa ya Luxemburg ilikuwa imefunga mlango wa mwisho: hapa kwetu amri hiyo haitambuliki. Ndipo mama na binti wakaishtaki nchi yenyewe katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na hukumu ya tarehe 28 Juni 2007 iliyotokana na shauri hilo hadi leo hutajwa kila panapozuka swali la kuasili kulikofanyika nje. Nimechagua kisa hiki kwa sababu pande zote zilikuwa na hoja ya kusikika. Hakuna aliyeghushi karatasi, hakuna mtoto aliyenunuliwa. Zilikuwepo nchi mbili, kila moja ikifuata sheria yake sawasawa, na katikati yake mtoto.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Hukumu ya mahakama haivuki mpaka na aliyeishika kama inavyovuka pasipoti. Nguvu yake inatokana na dola iliyoitoa, na dola nyingine ina haki ya kuuliza maswali yake kabla ya kuiheshimu. Kwa hukumu zinazohusu hadhi ya mtu, yaani nani ni mzazi wa nani, nani kaolewa na nani, nchi nyingi huwa wepesi zaidi kuliko kwenye hukumu za madai ya fedha. Na kweli, Luxemburg ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Kabla ya kisa hiki, amri za Peru za kuasili kamili zilikuwa zikiandikwa moja kwa moja kwenye daftari la raia katika ofisi za manispaa, bila mtu kupelekwa mahakamani. Wanawake wengine wasio na waume walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo hiyo. Mama wa kisa chetu alimfuata mtoto Peru akiamini kwa nia njema kwamba na yeye atapita.

Utaratibu ule ukasitishwa ghafla. Sheria haikuwa imebadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni mwenendo wa ofisi. Tulishike hili, kwa sababu mawakili wengi wanaosimulia kisa hiki hulipitia harakaharaka, ilhali kwangu mimi ndilo lililofanya Luxemburg ionekane haina udhuru. Nchi iliyokuwa ikikataa tangu mwanzo ingeweza kumwambia mama, "Ulijua." Hii haikuweza.

Basi tarehe 10 Aprili 1997 mama akafungua shauri kuiomba mahakama itamke kwamba amri ya Peru ina nguvu nchini Luxemburg. Alichotaka kinaeleweka: mtoto aandikwe kwenye daftari la raia, apate uraia wa Luxemburg, na awe na haki ya kudumu ya kuishi huko.

Mahakama ya wilaya ilikataa tarehe 2 Juni 1999. Mahakama ya rufani ikaunga mkono tarehe 6 Julai 2000, na rufani ya mwisho ikatupwa tarehe 14 Juni 2001. Hoja ilikuwa ile ile ngazi zote. Sheria ya kiraia ya Luxemburg, katika kifungu cha 370, inasema masharti ya kuasili yanatawaliwa na sheria ya uraia wa anayeasili. Anayeasili ni raia wa Luxemburg, hivyo sheria ya kuangaliwa ni ya Luxemburg. Na kifungu cha 367 cha sheria hiyo kilitoa kuasili kamili kwa wanandoa tu. Mahakama ya Peru ilitumia sheria ya Peru. Kwa macho ya majaji wa Luxemburg ilitumia sheria isiyo yake kutumia, kwa hiyo amri yake haiwezi kupewa nguvu.

Ukiwa darasani, hoja hiyo haina ufa. Inayo mantiki, tena ina sababu ya kuwepo: nchi haitaki raia wake apande ndege, apate ng'ambo kile alichonyimwa nyumbani, kisha arudi nacho mkononi na kudai kigongwe muhuri. Wanasheria huita hiyo kuikwepa sheria, na majaji kila mahali hawaipendi.

Ila iangalie hoja hiyo inajibu swali gani. Inajibu: je, sisi tungempa huyu mama amri hii? Jibu, hapana. Lakini siku shauri lilipofunguliwa, hakuna aliyekuwa akiomba amri mpya. Amri ilikuwepo, mtoto alikuwa nyumbani, wanaishi kama mama na binti. Swali lililokuwa mezani ni jingine: kwa kuwa uhusiano huu umekwisha kuundwa kihalali mahali pengine, na hawa wawili wanauishi, je, tuna sababu nzito ya kutosha ya kuukana? Maswali haya mawili hupishana pembamba, na kisa chote kimesimama hapo.

Serikali ilikuwa na utetezi mmoja wa maana. Luxemburg, kama nchi nyingine zenye sheria za mtindo wa Kifaransa, ina aina mbili za kuasili. Kuasili kamili hukata uhusiano wa awali na kumfanya mtoto kuwa wa familia mpya moja kwa moja. Kuasili sahili huongeza mzazi mpya bila kufuta ukoo wa kwanza, na hilo mtu asiye na ndoa aliweza kuliomba. Serikali ikasema, mbona njia ipo? Tena mnaishi pamoja, hakuna aliyewatenganisha. Maisha ya familia yameguswa wapi?

Hebu tazama maisha ya yule binti kwa karibu. Huko Peru, kwa mujibu wa amri, si wa ukoo wake wa kuzaliwa tena. Luxemburg nako, kwa mujibu wa mahakama, si binti kamili wa mama anayeishi naye. Hana uraia wa Luxemburg, na kwa hiyo hana uraia wa Umoja wa Ulaya. Ili akae katika nyumba anayolelewa, kibali chake cha kuishi lazima kiwe hai. Familia ikitaka kwenda safari nchi fulani, mama anapita na pasipoti yake na mtoto anahitaji viza. Wanasheria huita hadhi hiyo ya kuchechemea: mguu mmoja umekanyaga nchi moja, mwingine unaning'inia. Na kuasili sahili hakuujazi upungufu huo, maana kunahifadhi uhusiano na ukoo wa kwanza ambao amri ya Peru imekwisha kuukata. Unahifadhi kitu gani?

Strasbourg ilianza kwa kukubali kwamba Luxemburg ilikuwa na lengo halali, na hapo iliipa serikali heshima yake. Kutaka masharti ya kuasili yafuatwe ni namna ya kuwalinda watoto. Ilipofika kwenye swali la pili, kama kukataa huko kulikuwa kwa lazima katika jamii ya kidemokrasia, serikali ikashindwa. Majaji walitazama mambo kadhaa kwa pamoja: sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuruhusu mtu asiye na ndoa kuasili, utaratibu wa zamani wa ofisi za manispaa ulimpa mama sababu ya kuamini, na zaidi ya yote, masilahi ya mtoto ndiyo yanayopaswa kutangulia. Kiini cha hukumu ni kwamba mahakama za Luxemburg hazikuweza kwa haki kuipuuza hadhi iliyoundwa kihalali ng'ambo na inayolingana na maisha halisi ya familia. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, inayolinda maisha ya familia, ikawa imevunjwa.

Ikaongeza ibara ya 14, ya kutobaguliwa. Mtoto aliyeasiliwa Peru na wanandoa angetambuliwa. Huyu amekataliwa kwa kuwa mama yake hana mume. Kosa hilo, kama ni kosa, si la mtoto. Yeye hakuchagua aasiliwe na nani. Nadhani sehemu hii ya hukumu ina nguvu kuliko ile ya ibara ya 8, kwa sababu haihitaji kuhesabu nchi ngapi za Ulaya zimeruhusu nini. Inauliza tu adhabu imemwangukia nani.

Na tahadhari: hukumu haikusema kila amri ya kuasili kutoka nje lazima itambuliwe. Wapo wanaoinukuu hivyo, na wanaipotosha. Nguvu yake imejengwa juu ya vitu vitatu vikiwa pamoja: amri halali huko ilikotolewa, maisha ya familia yaliyopo kweli, na waombaji wenye nia njema. Ondoa kimoja, tuseme karatasi ipo lakini mtoto hajawahi kuishi na mzazi huyo, na huna tena kisa hiki mkononi.

Sasa swali ambalo hujitokeza mara moja: si kuna Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi na nchi? Upo, na ulianza kutumika Mei 1995. Ibara yake ya 23 inasema kuasili kulikothibitishwa kwa cheti kwamba kulifuata mkataba kunatambuliwa moja kwa moja katika nchi nyingine wanachama, bila kwenda mahakamani. Ibara ya 24 inaacha tundu moja tu la kukataa: pale ambapo kutambua kungepingana waziwazi na misingi mikuu ya nchi husika, huku masilahi ya mtoto yakizingatiwa. Peru ilikuwa mwanachama tangu Januari 1996, miezi kadhaa kabla ya amri ya Huamanga. Luxemburg iliingia Novemba 2002, mahakama zake zilipokuwa zimekwisha kusema neno la mwisho.

Mtu angesema basi mama yule alikosa bahati ya kalenda tu. Mimi sioni hivyo. Utambuzi wa moja kwa moja katika mkataba huo una bei, nayo hulipwa mwanzoni. Ibara ya 5 inaitaka nchi inayompokea mtoto ithibitishe kwanza kwamba wazazi watarajiwa wanastahili na wanafaa. Ibara ya 17 inataka mamlaka kuu za nchi zote mbili, yaani ofisi ambazo kila nchi imeziteua kuusimamia mkataba huo, zikubaliane kabla mtoto hajakabidhiwa. Kama mkataba ungekuwa unafanya kazi kati ya Peru na Luxemburg mwaka 1996, mamlaka ya Luxemburg ingesoma kifungu cha 367, ikaona mwombaji hana ndoa, na huenda ingesema hapana kabla hajamwona mtoto. Kwa hiyo mkataba usingemhakikishia ushindi. Ungelileta lile "hapana" kabla mtoto hajazoea kuita mtu mama, na tofauti ya kupata jibu wakati huo na kulipata baada ya miaka mitano ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye makaratasi.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa yeyote mwenye amri ya nje mkononi ni njia gani iliyoizaa. Kama ni ya mkataba, kitafutwe cheti cha ibara ya 23. Bila hicho mtu anajinyima silaha yake bora. Kama si ya mkataba, inarudi sheria ya kawaida ya nchi, na hapo hutakiwa uthibitisho kwamba amri ni ya mwisho na haina rufani, ushahidi wa ridhaa au wa kutelekezwa kwa mtoto, tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, na nyaraka zenyewe kuthibitishwa kwa njia inayokubalika kati ya nchi hizo mbili. Ule uthibitisho wa kwanza ndio unaosahaulika mno.

Na kama karatasi ya Peru ingekuwa ya ulezi wa kisheria, si ya kuasili? Mambo yangekwenda kwingine kabisa. Ulezi haugusi nani ni mzazi; unasema nani anamtunza mtoto na kumwamulia. Kwa hilo kuna mkataba mwingine wa The Hague, wa tarehe 19 Oktoba 1996, ambao unazitambua moja kwa moja hatua za kumlinda mtoto zilizochukuliwa katika nchi mwanachama, na ambao kwa makusudi umeuacha nje uamuzi wa kuasili. Kafala, ule ulezi wa sheria ya Kiislamu ambao mlezi hujitwika kumtunza na kumsomesha mtoto bila kumbadilishia nasaba, umetajwa humo kwa jina, kama ulivyotajwa katika ibara ya 20 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989.

Hapo watu huingia mtegoni. Wanapeleka amri ya kafala wakitarajia itoke ikiwa kuasili. Mwanamke mmoja wa Ufaransa aliyechukua mtoto mchanga Algeria kwa kafala alikwama hapo hapo: sheria ya Ufaransa inakataza kumwasili mtoto ambaye sheria ya nchi yake inakataza kuasili. Akaenda Strasbourg, akitumaini kilichomfaa mama wa Luxemburg kitamfaa. Tarehe 4 Oktoba 2012 akashindwa. Ufaransa haikuikana kafala; iliipa nguvu ya ulezi, na ilimwachia mtoto njia ya kupata uraia baada ya muda. Kilichokataliwa ni kuibadilisha iwe kitu ambacho nchi ya asili haikukitoa. Ukiziweka hukumu hizi mbili pamoja hazigongani. Luxemburg iliukana uhusiano uliokuwepo. Ufaransa iliutambua uhusiano kwa kipimo chake, ikakataa kuongeza.

Kipimo hicho nacho si kidogo. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la wanandoa Wafaransa waliokuwa wakiishi Uingereza na mtoto wa kafala kutoka Algeria. Ikasema mtoto huyo si mzao wao wa moja kwa moja, hivyo hapati haki ya kuingia papo hapo. Lakini ni mwanafamilia mwingine ambaye nchi inapaswa kumrahisishia kuingia, na masilahi yake yapimwe kwa uzito. Mlango haukuachwa wazi, wala haukufungwa kwa kitasa.

Ugiriki ilijaribu kwenda mbali zaidi ya Luxemburg. Mjomba mtawa alimwasili mpwa wake Marekani, jimboni Michigan, mwaka 1984. Mjomba alipofariki, ndugu wakapinga urithi, na mahakama za Ugiriki zikakataa kuitambua amri ile zikitegemea kanuni za kanisa za karne ya 7 na ya 9 zinazowazuia watawa kuasili. Mwaka 2011 Strasbourg ikaikuta Ugiriki na hatia. Hapa hapakuwa na mtoto wa kulindwa, mpwa alikuwa mtu mzima, na bado hadhi iliyodumu zaidi ya miaka 20 haikuweza kufutwa kwa sababu hiyo. Nadhani hukumu ile iliunyoosha zaidi mstari ulioanza na binti wa Peru, maana hata hoja ya masilahi ya mtoto haikuhitajika.

Limebaki jambo moja la kisa cha Luxemburg ambalo halinukuliwi sana nje ya vyumba vya mawakili. Mama alikuwa ametaja ibara ya 8 mbele ya mahakama za nyumbani, ndani ya hoja yake kuhusu misingi mikuu ya nchi. Mahakama ya rufani ikaona hivi: kwa kuwa sheria iliyotumika Peru haikuwa sahihi, hakuna haja ya kufika kwenye misingi mikuu. Hoja ikabaki bila jibu. Mahakama ya juu ikasema majaji hawalazimiki kujibu hoja iliyoandikwa kwa mashaka au isiyo bayana. Strasbourg haikukubali: hoja hiyo ilikuwa miongoni mwa zile kuu, waombaji walistahili kujibiwa, na kwa kutojibiwa ikavunjwa pia ibara ya 6, ya haki ya kusikilizwa. Wakili anayeandaa ombi la namna hii leo hufanya vizuri kuitenga hoja ya maisha ya familia iwe sababu inayojitegemea, yenye namba yake na ushahidi wake wa tangu lini mtoto anaishi na nani, badala ya kuificha ndani ya aya inayozungumzia sheria gani ilipaswa kutumika. Jaji akishaona kosa la sheria iliyotumika, mara nyingi haendelei kusoma.